Namna ya Kuendesha na Kutunza Kwadi kwa Usalama, Shambani na Porini

Kwadi ni pikipiki ya magurudumu manne yenye tairi pana na laini, iliyotengenezwa ipite mahali ambapo gari halifiki na pikipiki ya kawaida huteleza. Utaiona katika ranchi za Laikipia ikifuata ng'ombe, katika mashamba ya Siha ikibeba dawa ya kunyunyizia, kando ya Mto Nile pale Jinja ikitembeza watalii, na kaskazini mwa Unguja ikipita kati ya minazi. Mwongozo huu ni kwa yule anayekabidhiwa kwadi kwa mara ya kwanza, na pia kwa mwenye shamba au mwenye biashara ya utalii ambaye ndiye anayewakabidhi wengine ufunguo.

Jambo moja lieleweke kabla ya mengine yote, kwa kuwa karibu kila hatua inayofuata inatokana nalo. Pikipiki ya magurudumu mawili isiposhikwa huanguka, kwa hiyo kila mtu huipanda kwa tahadhari. Kwadi husimama yenyewe, na utulivu huo humfanya mtu aiendeshe kama gari dogo, ameketi tuli katikati ya kiti. Ukweli ni kwamba mashine hii ni fupi, ni nyembamba kuliko gari, imeinuka juu ya ardhi, na mwili wa mwendeshaji ni sehemu kubwa ya uzito wote. Kwadi ya kazi ya ukubwa wa kati huwa na kilo 200 hadi 350. Mtu wa kilo 75 akisogea kidogo tu upande mmoja, mizani yote ya mashine husogea pamoja naye. Kwa sababu hiyo mwili wako ni sehemu ya usukani, na asiyesogea kitini anaendesha nusu tu.

Hapo ndipo ilipo pia maana ya kiti kirefu, ambacho wengi hudhani kimewekwa kwa ajili ya abiria. Kimefanywa kirefu ili mwendeshaji apate nafasi ya kwenda mbele anapopanda na kurudi nyuma anapoteremka. Abiria akikaa hapo, nafasi hiyo imezibwa, uzito umerundikana nyuma ya ekseli, na magurudumu ya mbele yamepoteza nguvu ya kushika ardhi. Ziko kwadi chache zilizoundwa kwa watu wawili, zenye kiti cha pili kilichoinuliwa pamoja na vishikio vyake. Hizo tu ndizo zibebe abiria, tena mmoja.

Hatua ya kwanza: mpe mtu mashine inayomfaa

Watengenezaji huweka bamba la onyo kwenye kwadi kubwa kwamba asiiendeshe mtu aliye chini ya umri wa miaka 16, na onyo hilo lina sababu ya kimwili. Mtoto wa miaka 12 anaweza kufikia usukani na kubonyeza mafuta, lakini hana uzito wa kuizuia mashine inapoanza kuinama, wala nguvu ya kujinasua ikimlalia. Kijana akitaka kujifunza, zipo kwadi ndogo zilizotengenezwa kwa umri wake, na hata hizo ziendeshwe mtu mzima akiwa karibu.

Ukinunua iliyotumika, kagua kwanza fremu kama imewahi kuunganishwa kwa kuchomelewa, kisha usukani kama una mchezo, yaani kama umelegea, na mwisho injini. Wanunuzi wengi huanza na injini, na fremu iliyopinda hawaioni kamwe. Usinunue ya magurudumu matatu hata ikiwa bei yake ni ya kuvutia. Honda ndiyo iliyoanza kuuza aina hiyo nchini Marekani mwaka 1970, na kwadi ya Suzuki yenye magurudumu manne ikafuata mnamo 1982. Lakini ile ya matatu ilipindua watu wengi mno kwenye kona, hata mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuiuza mpya nchini humo.

Ukinunua mpya kwa ajili ya kazi za shamba, uliza habari za kinga ya kupinduka, yaani ule upinde wa chuma unaofungwa nyuma ya kiti ili mashine ikipinduka ibaki na nafasi kati yake na ardhi. Nchini Australia, ambako kwadi imewaua wakulima wengi kwa kuwalalia vifuani, sheria inataka kila kwadi mpya ya kazi inayouzwa tangu tarehe 11 Oktoba 2021 iwe na kinga hiyo. Kwa maoni yangu mwajiri yeyote wa Afrika Mashariki mwenye wafanyakazi mlimani angefanya vyema kuifunga bila kungoja sheria imlazimishe.

Hatua ya pili: mavazi

Helmeti ni lazima, yenye mkanda uliofungwa chini ya kidevu, hata kwa safari ya kwenda zizini na kurudi. Vaa buti zinazofunika kifundo cha mguu, kwa kuwa mguu unaoteleza kutoka kwenye kikanyagio huangukia mbele ya tairi la nyuma. Suruali ndefu, mikono mirefu, glovu na miwani hukinga dhidi ya miiba, mawe na matawi. Kanga, mtandio, shuka au kikoi kinachopepea kisiingie kabisa kwenye mashine, kwani kitambaa kikinaswa na ekseli humvuta mvaaji kabla hajapata muda wa kuachia mafuta. Wenye biashara ya kutembeza wageni ufukweni wawe na mahali pa kuhifadhi mitandio hiyo, na wawaeleze wageni kwa adabu kwa nini wanaivua.

Hatua ya tatu: ukaguzi wa asubuhi

Ukaguzi huu huchukua dakika kumi na hufanywa kila siku kabla ya kuwasha injini, mashine ikiwa kwenye ardhi tambarare.

Anza na tairi, maana hapo ndipo kosa la kawaida kuliko yote lilipo. Tairi la kwadi hujazwa upepo mdogo sana, kwa mashine nyingi kati ya psi 4 na 7 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), wakati tairi la gari dogo hujazwa 30 hivi. Kijana wa kituo cha mafuta ambaye hajawahi kuhudumia kwadi ataijaza kama gari bila nia mbaya, na tairi litakuwa gumu kama mpira wa kikapu: mashine itadunda juu ya kila jiwe, itateleza kwenye kona, na tairi lenyewe linaweza kupasuka. Tafuta geji ya upepo mdogo, kwa kuwa geji ya gari haiwezi kusoma sawasawa psi 5, na ujaze kwa pampu ya mkono. Soma kiwango kwenye bamba la mashine, na uhakikishe tairi la kushoto na la kulia yana upepo ule ule; tofauti ya psi 1 tu, ambayo kwenye gari haina maana yoyote, kwenye kwadi huivuta mashine upande mmoja.

Kisha bonyeza kwa kidole gumba kibonyezo cha mafuta na ukiachie. Lazima kirudi chenyewe, haraka, usukani ukiwa umekatwa kushoto kabisa na pia kulia kabisa, kwa sababu kebo iliyopita vibaya huvutwa pale usukani unapozungushwa. Kibonyezo kinachokwama kimetosha kuiacha kwadi nyumbani siku hiyo. Jaribu breki zote, ya mkono na ya mguu, na breki ya kuegesha. Jaribu swichi ya kuzima injini. Tazama oili, petroli, mafuta ya breki na maji ya rejeta, na uiname chini uone kama kuna kilichovuja usiku. Shika kila gurudumu ulitikise, na uguse nati za rimu kwa spana. Nati zilizolegea huacha alama ya kutu au ya chuma kinachong'aa kuzunguka tundu lake.

Hatua ya nne: somo la kwanza

Chagua uwanja tambarare usio na mawe wala watu, wenye upana kama nusu ya uwanja wa mpira. Mwanafunzi awashe injini breki ya kuegesha ikiwa imefungwa na gia ikiwa huru, kisha aende taratibu katika mstari ulionyooka na asimame, mara nyingi, mpaka kidole gumba chake kijue uzito wa kibonyezo cha mafuta. Watu waliozoea bodaboda hupata taabu hapa, kwa kuwa mkono wao umezoea kuzungusha mafuta. Wakishtuka hukaza kiganja kwenye usukani, na kidole gumba hukandamiza mafuta pamoja nacho. Waambie waachie kidole kwanza, ndipo washike breki.

Miguu ikae juu ya vikanyagio muda wote. Mwenye bodaboda hushusha mguu anapoyumba, na tabia hiyo kwenye kwadi huvunja mfupa, kwa kuwa tairi la nyuma hupita palepale mguu uliposhushwa.

Kona ndilo somo lenyewe. Katika kwadi nyingi, hasa za zamani na za michezo, magurudumu ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja isiyo na difu, yaani gia zinazoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka kwa mwendo tofauti, kwa hiyo huzunguka kwa mwendo uleule hata pale gurudumu la nje linapohitaji kwenda mbali kuliko la ndani. Mashine ya namna hii hutaka kwenda mbele tu, na mwanafunzi anayekata usukani ameketi wima ataona haigeuki, ataukata zaidi, kisha tairi litashika ghafla na mashine itainuka upande mmoja. Dawa yake ni mwili: punguza mwendo kabla ya kufika konani, tazama unakokwenda, egemeza kiwiliwili upande wa ndani wa kona, na ukandamize kikanyagio cha nje kwa mguu ili gurudumu la ndani lipungukiwe na mzigo na liweze kuteleza kidogo. Mfundishe mtu kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha wa anayekimbia, na usimruhusu kutoka uwanjani mpaka afanye duara la kushoto na la kulia bila kunyanyua gurudumu.

Hatua ya tano: vilima

Kupanda. Simama chini kwanza, uukague mwinuko kwa macho mpaka juu, na kama huoni kilichoko upande wa pili, shuka utembee kwa miguu ukatazame. Ingia na gia ndogo tangu chini, sogea mbele kitini, inama mpaka kifua kikaribie usukani, na uende kwa mwendo usiobadilikabadilika. Ukiongeza mafuta kwa ghafla katikati ya mwinuko, pua ya kwadi huinuka na kukurudia.

Injini ikikuzimikia njiani, hapo pana hatari kubwa kuliko kilima chenyewe. Shika breki ya mbele, uzito wako ukiwa bado mbele, kisha funga breki ya kuegesha, na ushuke upande wa juu wa mlima. Ikiwa mashine imeelekea juu moja kwa moja, shuka upande wowote, mradi usisimame nyuma ya mashine. Kama imeshaanza kurudi nyuma, usiguse mafuta kamwe, na usishike breki ya nyuma peke yake, kwani magurudumu ya nyuma yakifungwa ghafla mashine hugeuka na kukupindukia. Shika ya mbele polepole, kisha ongeza ya nyuma. Ikianza kuinuka licha ya hayo, iachie uruke upande wa juu. Mashine hununuliwa nyingine.

Kuteremka ni kinyume chake: rudi nyuma kitini, nyoosha mikono, tumia gia ndogo ili injini yenyewe izuie mwendo, na ushike breki kidogo kidogo. Usiteremke gia ikiwa huru.

Kukata ubavu wa kilima ndiko ninakokuogopa zaidi. Ikibidi, egemea upande wa mlimani, uzito wote ukiwa kwenye kikanyagio cha juu, na uende polepole ukitazama mawe na mashimo, kwa sababu jiwe dogo chini ya gurudumu la juu pamoja na shimo chini ya gurudumu la chini hutosha kupindua. Ukihisi gurudumu la juu limepungua uzito, elekeza usukani bondeni kama njia iko wazi. Ukishindwa, shuka upande wa juu mara moja. Penye nyasi zenye umande au udongo mweusi uliolowa wakati wa masika, njia ya kuzunguka ndiyo njia fupi.

Hatua ya sita: mizigo na maji ya dawa

Kila kwadi ina bamba linaloonyesha uzito unaoruhusiwa kwenye keria ya mbele, ya nyuma, na kwenye tela. Katika jumla ya uzito mashine inaoruhusiwa kubeba, mwendeshaji naye huhesabiwa, jambo ambalo husahauliwa mara nyingi. Mzigo ukae chini kadiri iwezekanavyo, ufungwe usitikisike, na mwendo upunguzwe, kwa kuwa breki zitachukua umbali mrefu zaidi kusimamisha. Unapovuta tela, funga kwenye ndoano ya mashine tu. Kamba iliyofungwa juu, kwenye keria, huivuta kwadi chali.

Pipa la dawa linahitaji tahadhari ya peke yake. Katika mwaka wangu wa pili wa kazi hii nilikuwa nikinyunyizia kahawa kwenye mteremko, nikiwa na pipa la lita 60 kwenye keria ya nyuma, na asubuhi yote mashine ilikuwa imetulia kwa sababu pipa lilikuwa limejaa. Lilipobaki nusu nikalegea, nikiamini kwamba mzigo umekuwa mwepesi na hatari imepungua. Nilipogeuza ubavuni mwa kilima, maji yote yalihamia upande wa bondeni kwa pamoja, gurudumu la juu likanyanyuka, na kwadi ikalala juu ya kisiki cha mkahawa kilichoizuia isinifuate. Mguu wangu ulipona kwa upana wa kiganja. Tangu siku hiyo sikubali pipa lisilo na kuta za ndani za kugawanya maji, na penye mteremko mkali tunanyunyizia kwa bomba refu, kwadi ikiwa imeegeshwa tambarare.

Hatua ya saba: mito, mchanga na lami

Usivuke maji usiyoyajua kina chake. Kina kisizidi vikanyagio vya miguu, na hata hicho kiwe katika maji yanayokwenda taratibu, kwa sababu tairi zimejaa hewa na huifanya mashine ielee mapema kuliko unavyotazamia. Ikishaelea, mkondo ndio unaoiendesha. Pima kwa fimbo, ikiwa mto huo hauna mamba wala kiboko. Ukivuka, endesha hatua chache huku umeshika breki kidogo ili zikauke kabla hujazihitaji.

Ufukweni, pita kwenye mchanga mgumu uliolowa wakati maji yamekupwa, na ujue saa ya kujaa kabla ya kuondoka. Usipande juu ya mchanga mkavu ulio juu ya alama ya bamvua, yaani pale maji makuu yanapofika, maana huko ndiko kasa anakotagia, na tairi huushindilia mchanga hata vitoto vikashindwa kutoka.

Lami iache. Tairi laini zenye meno hushika lami bila kutabirika, na ekseli isiyo na difu haiwezi kuteleza konani kama inavyoteleza kwenye vumbi, kwa hiyo kona rahisi ya lami inaweza kupindua kwadi iliyopita salama porini siku nzima. Ukilazimika kuvuka barabara, simama kabisa, tazama pande zote, na uvuke kwa mstari ulionyooka.

Ikiwa kwadi imemlalia mtu

Zima injini kwanza. Wanaokufa chini ya kwadi mara nyingi hufa kwa kukosa pumzi, kwa hiyo kuinua uzito kutoka kifuani hakungojei msaada wa mbali. Wawili wanaweza kuinyanyua upande mmoja huku wa tatu akiizuia isibingirike upya. Akishatoka hatarini, mwache alale bila kuzungushwa shingo, na mpige simu ya dharura, ambayo Tanzania na Kenya ni 112. Kutokana na hili kuna sheria mbili za kazini: hakuna anayekwenda mbali peke yake bila mtu kujua njia atakayopita na saa ya kurudi, na simu hukaa mfukoni mwa mwendeshaji, wala si kwenye sanduku la mashine.

Hatua ya nane: kuosha

Baada ya kazi, ngoja injini ipoe, kisha ondoa nyasi kavu zilizojikusanya kwenye eksozi na chini ya bamba la tumbo. Wakati wa kiangazi nyasi hizo huwaka, na moto wake huchukua mashine pamoja na malisho. Ondoa pia mbegu za nyasi kwenye rejeta, ukimwaga maji kutoka upande wa injini kwenda nje, maana uchafu husukumwa kurudi ulikotoka. Tumia bomba la kawaida. Mashine ya presha husukuma maji ndani ya beringi na viungo vya nyaya. Iliyotoka ufukweni ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, kwa sababu chumvi ikilala usiku mmoja huanza kula boli na breki.

Tazama ekseli zote kwa tochi. Kamba ya katani, waya au nailoni iliyojisokota hapo hukata sili taratibu bila kelele, na dalili ya kwanza utakayoiona ni oili iliyoishia ardhini.

Hatua ya tisa: matengenezo

Matengenezo ya kwadi huhesabiwa kwa saa za kazi, kwa kuwa kilomita 10 za ranchini zinaweza kuchukua saa tatu. Kama mashine haina kipima saa, weka daftari.

Chujio la hewa ndilo linaloamua umri wa injini katika nchi yenye vumbi kama yetu. Wakati wa kiangazi lifungue kila siku mbili, na kila siku ikiwa mnaendesha kwa msafara. Chujio la sponji lioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, likamuliwe kwa viganja bila kunyongwa, likauke kivulini, kisha lipakwe mafuta ya chujio na kubonyezwa mpaka yaenee. Usilioshe kwa petroli: huyeyusha gundi, na mvuke wake hushika moto. Sponji kavu, isiyopakwa mafuta, hupitisha vumbi laini moja kwa moja hadi kwenye pistoni. Ukipangusa kidole ndani ya bomba, upande wa kabureta, kisha kikatoka na vumbi, injini imekuwa ikila mchanga.

Oili ya injini mpya hubadilishwa mapema, kwa mashine nyingi ndani ya saa 20 za mwanzo, kwa sababu ya chembe za chuma za injini inayojilainisha. Baada ya hapo fuata kitabu, na ufupishe muda huo kama mnafanya kazi kwenye maji na matope. Kama klachi inaoga katika oili ya injini, nunua oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano hufanya klachi iteleze. Oili ikionekana nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Usiiwashe tena kabla ya kuimwaga, na ukague pia oili ya difu.

Breki zikaguliwe kwa macho, bila kungoja zilie. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata yakiwa yamejaa. Cheni isafishwe, ilainishwe na ikazwe kwa kipimo cha kitabu, kwani iliyokazwa mno hukatika kama iliyolegea. Kwa mashine ya mkanda, tumia gia ndogo unapovuta mzigo au unapokwenda polepole matopeni. Mkanda unaosagwa katika gia kubwa hutoa harufu ya mpira ulioungua. Maji yakiingia kwenye kasha la mkanda, fungua kizibo cha chini yatoke, weka gia huru, na uongeze mafuta kidogo mpaka ukauke.

Kila mwezi piga grisi kwenye nipeli zote mpaka ile chafu itoke, na ukague mifuko ya mpira inayofunika viungo vya ekseli. Uliopasuka ubadilishwe wiki hiyo, kabla mchanga haujamaliza kiungo kizima. Inua mbele kwa jeki, shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini mara nyingi ni wa beringi au bolijointi; wa kushoto na kulia ni wa tairodi, yaani fimbo inayounganisha usukani na gurudumu.

Hatua ya kumi: kuihifadhi

Kwadi itakayokaa zaidi ya mwezi iwekwe mahali pakavu, ikiwa safi. Yenye kabureta, funga bomba la petroli, kisha wacha injini iishie mafuta yenyewe au ufungue skrubu ya chini ya kabureta, la sivyo petroli iliyokaa huacha utando unaoziba tundu dogo. Toa waya hasi wa betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 12.4 ichajiwe, maana betri inayolala bila chaji hufa. Ziba eksozi kwa kitambaa chenye rangi kali, uandike karatasi ya kukumbusha na kuifunga usukanini, na usiweke magunia ya mahindi karibu, kwa kuwa panya wanaofuata mahindi hutafuna nyaya.

Siku ya kuitoa, ondoa kitambaa, fungua kasha la chujio uone kama kuna kiota cha panya au nyigu, pima upepo wa tairi zote nne, kagua nyaya kwa mkono kutoka betri hadi usukanini, na uiwashe ikiwa nje ya jengo, breki ya kuegesha ikiwa imefungwa.